Kilichomo ndani ya krimu za uso: mafuta ya mgando, gliserini, shea na viambato visivyoandikwa

Krimu na losheni za uso zinazouzwa katika maduka ya vipodozi ya Afrika Mashariki hutofautiana mno kwa bei, lakini hazitofautiani kwa kiasi hicho katika viambato. Kopo dogo la mafuta ya mgando na chupa ya kifahari iliyotoka Ulaya hufanya kazi moja ya msingi: kuyazuia maji yasiihame ngozi. Tofauti iliyo nzito zaidi, ambayo yaweza kumgharimu mtumiaji figo zake, mara nyingi haiandikwi kwenye lebo.

Kazi tatu za krimu

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa, zilizoshikamanishwa na mafuta ya asili yakiwemo seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Tabaka hilo likikauka hupasuka, huwasha na kufungua njia kwa vijidudu.

Krimu huisaidia ngozi kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuvuta maji na kuyashikilia, kazi ya gliserini, yurea na asidi ya hayaluroni. Ya pili ni kulainisha kwa kujaza nyufa ndogo, kazi ya siagi ya shea na mafuta ya mimea kama nazi na alizeti. Ya tatu ni kufunika ili maji yasitoroke, kazi ya mafuta ya mgando, parafini ya maji na lanolini. Krimu nzuri huunganisha walau mbili kati ya kazi hizo.

Mafuta ya mgando

Mafuta haya hutokana na petroli iliyosafishwa. Robert Chesebrough aliyasajili nchini Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline. Kwenye lebo huandikwa "Petrolatum". Miongoni mwa viambato vya kawaida, hakuna kinachoyazuia maji kutoka kwenye ngozi kuliko hiki. Yasipotiwa manukato, ni nadra kumletea mtu mzio, na kwa kuwa hayana maji ndani yake, hayahitaji dawa ya kuzuia kuoza.

Kasoro yake ni kwamba hayaongezi maji; hufunika tu yale yaliyopo. Ndiyo maana hupakwa mara baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado na unyevu. Tena huacha mng'ao mzito usoni, jambo ambalo wengi hawalipendi wakati wa joto.

Gliserini

Gliserini hupatikana kwa wingi katika utengenezaji wa sabuni, kutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama. Ni rahisi kwa bei na hushikilia maji vizuri, na kwa sababu hiyo imo katika krimu nyingi za bei ya chini na za bei ya juu vilevile. Haifai kupakwa usoni peke yake bila kuchanganywa na maji, hasa wakati wa kiangazi: hewa ikiwa kavu, gliserini tupu huweza kuyavuta maji ya ngozi yenyewe. Ikifuatiwa na mafuta ya kufunika, tatizo hilo hupungua.

Shea na nazi

Kaskazini mwa Uganda na nchini Sudan Kusini hukua mti wa shea wa aina inayoitwa Nilotica. Siagi yake ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi kwa sababu ina asidi ya oleiki kwa wingi zaidi. Wanawake ndio hasa huokota kokwa na kuzikamua. Mti huo huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa unautishia. Kwenye lebo shea huandikwa "Butyrospermum Parkii Butter".

Katika pwani ya Kenya na Tanzania, mafuta ya nazi yametumika vizazi kwa vizazi kwa nywele na mwili. Kwa ngozi kavu ya mikono na miguu yanafaa sana. Usoni, mwenye kuota chunusi anashauriwa kuwa mwangalifu, kwani huweza kuziba vinyweleo.

Krimu za mchanganyiko

Maji na mafuta hayakai pamoja bila kiungo cha kuyaunganisha. Krimu ya Nivea ilianza kuuzwa mwaka 1911 kutoka Hamburg, Ujerumani, baada ya kupatikana kiungo cha namna hiyo, Eucerit, kilichotokana na mafuta ya sufi ya kondoo. Krimu nyingi za leo bado ni mchanganyiko wa maji na mafuta, na katika losheni maji mara nyingi huzidi nusu ya ujazo. Penye maji vijidudu huzaliana, hivyo dawa ya kuhifadhi si jambo la kuepukwa katika krimu za aina hii.

Namna ya kuisoma lebo

Kwa desturi ya kimataifa, viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa kwa mfuatano wowote. Neno la kwanza mara nyingi ni "Aqua", yaani maji. Viambato vitano vya mwanzo ndivyo vinavyoeleza krimu ilivyo. Iwapo mshubiri au vitamini E inayosifiwa mbele ya chupa imeandikwa baada ya "Parfum", yaani manukato, kuna uwezekano mkubwa kuwa kiasi chake ni kidogo mno. Manukato yenyewe ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa vipodozi. Mwenye ngozi inayowasha haraka achague krimu isiyo nayo.

Wapo wanaoshtuka kuona "Cetyl Alcohol" au "Cetearyl Alcohol". Hivyo si kileo. Ni nta laini za mafuta, na hulainisha ngozi. Kinachokausha ngozi ni "Alcohol Denat.", ambayo kweli ni spiriti.

Viambato visivyoandikwa

Baadhi ya krimu huahidi kulainisha uso na kuung'arisha kwa wakati mmoja. Humo ndimo hujificha zebaki, hidrokwinoni na steroidi kali kama klobetasoli. Zebaki huzuia rangi ya asili ya ngozi isitengenezwe, lakini pia hupenya mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Huweza kumfikia mtoto kupitia taulo au mikono ya mzazi. Hidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha mabaka ya rangi ya buluu nyeusi yasiyoondoka kwa urahisi. Steroidi huikonda ngozi hadi ikachubuka kwa mguso mdogo.

Rwanda ilizidisha msako wa bidhaa hizo mwishoni mwa mwaka 2018. Tanzania, ambako mchanganyiko wa kujichubua huitwa mkorogo, ilizipiga marufuku miaka mingi iliyopita. Mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ziliamua kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo mwaka 2025. Hata hivyo, kopo moja likiingizwa kwenye begi huvuka mpaka bila kukaguliwa.

Dalili za kumtia mnunuzi shaka ni hizi: lebo isiyo na orodha ya viambato wala anwani ya mtengenezaji, maneno kama "mercurous chloride", "calomel" au "Hg", ahadi ya kubadilisha rangi ndani ya siku chache, na onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu. Onyo hilo la mwisho hutolewa kwa kuwa zebaki huviharibu vito na metali hizo.

Aliyekwisha kutumia krimu ya namna hii aifunge kwenye mfuko, asiichome moto kwa sababu mvuke wa zebaki ni sumu, kisha aende nayo kituo cha afya. Asiyekuwa na hakika kama krimu yake ilikuwa na steroidi amweleze daktari muda alioitumia, kwani kuiacha ghafla huweza kuivimbisha na kuiwasha ngozi, na watu wengi huirudia kwa sababu hiyo tu.