Kinjeketile gerezani: Maneno yale ni ya nani?

WALIMU wa fasihi hawachoki kuuliza maswali manne kila wanapotoa dondoo: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi na kwa nini. Leo ninataka tuyaelekeze maswali hayo kwa kauli ya Kinjeketile mwishoni mwa tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Mara nyingi huisikia ikitajwa kana kwamba ni ushahidi wa historia.

Msemaji ni Kinjeketile. Msemewa ni Kitunda, aliyewaongoza wapiganaji. Wako gerezani baada ya kushindwa, na Wajerumani wanataka Kinjeketile akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Kitunda, ambaye ameshateswa, anamsihi akubali tu yaishe. Kinjeketile anakataa. Anajua kwamba akikiri hilo leo, kesho Mjerumani atawaambia wajukuu kuwa hata kupigana naye kulikuwa makosa.

Mtahini atakupa alama zote. Je, mwanahistoria? Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Boma la Mahenge lilishambuliwa Agosti 30, siku 26 baada ya kifo chake, na mapigano yakaendelea hadi 1907. Yule Kinjeketile wa kweli hakuishi kuona bunduki za rashasha zikiwamaliza watu waliojipaka maji.

Hussein hakumdanganya mtu. Alitanguliza maelezo kwamba Kinjeketile wake na yule wa historia si mtu mmoja. Tatizo ni sisi tunaoruka utangulizi ili tufike haraka kwenye 'mchezo wenyewe'.

Basi maneno yale ni ya nani? Kwa maoni yangu, ni ya kizazi kilichokuwa na uhuru wa miaka minane tu, kikijiuliza namna ya kuwaenzi mababu bila kuficha kwamba ahadi waliyopewa iliwaua. Kinjeketile wa jukwaani hakatai kwa kuwa bado anaamini maji yanazuia risasi. Anakataa kumwachia mshindi haki ya kueleza maana ya vita. Tukimtwika mtu wa 1905 kauli hiyo, tunapotosha historia, na papo hapo tunampokonya mwandishi hoja yake nzito kuliko zote.