Paja likivunjika karibu na nyonga: bamba gani linawekwa?

Wadau, hapa Tunduma malori ya TANZAM na bodaboda vinagombania lami ile ile, na anayelala chini mara nyingi ni kijana. Baadaye unasikia "kawekewa chuma". Chuma gani? Mimi si daktari, ila hili nimelifuatilia, ngoja niwape.

Mfupa wa paja ukikatika chini kidogo ya nyonga, damu inaweza kuvujia ndani ya paja lita nzima bila kuonekana nje. Misuli nayo inavuta kipande cha juu mbele na pembeni. Ndo maana hogo peke yake haliwezi, na kukandwa kienyeji ndo kabisa.

Bamba linalojulikana zaidi lina skrubu moja nene inayoingia kichwa cha mfupa na kuteleza kidogo ili vipande vibanane. Kwa mvunjiko mwepesi ni safi. Ukiwa wa mshazari kuelekea chini, kule kuteleza kunauachanisha. Hapo kuna bamba la nyuzi 95, lenye ubao mpana kama patasi: imara, ila linataka mkono wa fundi hasa. La tatu ni la kufungia, skrubu zina hesi zinazokaza kwenye bamba lenyewe. Linasaidia mfupa laini wa wazee, lakini sehemu hii limeripotiwa kuvunjika mara nyingi tu.

Sababu? Bamba linakaa nje ya mfupa. Ni kama ndoo ya maji uliyoishika mkono umenyooka, wakati chuma cha ndani ya mfupa ni ndoo kichwani. Kwa hiyo pengine daktari atachagua chuma cha ndani. MOI pale Muhimbili wametumia sana kile cha SIGN, shirika la Marekani lililoanza 1999, ambacho kinawekwa hata bila eksirei ya chumba cha upasuaji.

Mimi ningemuuliza daktari mawili: kwa nini hiki, na nikanyage lini? Chuma kikikunjwakunjwa kinachoka kama waya, na mfupa unahitaji miezi mitatu hadi sita. Ukitupa magongo mapema, chuma kinakatika kabla mfupa haujaunga.

Toka hapa mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni kilomita kama 100. Kabla ya kumpakia majeruhi, fungeni mguu mbovu na ule mzima kwa khanga, katikati wekeni nguo laini.

Aliyewahi kuwekewa atuambie hapo chini: ulikaa na magongo miezi mingapi?