Sadaka Iliyokataliwa Soweto

Wasee, historia fupi ya Eastlands. Novemba 17, 2024, Rais Ruto alikuja Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, akatoa 600,000, na milioni 2 za nyumba ya mapadri. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe.

Nilishangilia. Halafu nikamkumbuka mathe. Mwaka nilioacha chuo kwa kukosa karo, bado alitoa fungu la kumi la pesa za sukuma. Nilikasirika sana. Lakini mjane wa Marko 12 naye alitoa sarafu zake mbili za mwisho.

Za rais zilikataliwa, hakuna aliyelala njaa. Za mathe zilishakuwa mabati. Basi kabla aombwe tena, aonyeshwe hesabu.