Maktaba za Lubumbashi: vitabu viko, lakini nani anajua viko fasi gani?

Tuseme munafunzi mumoja anaishi Makomeno, katika komini ya Lubumbashi. Mwalimu amemuomba aandike kazi juu ya historia ya muji wake. Iko na telefone, iko na mega kidogo. Anatafuta kwa intaneti, anapata kurasa mbili tatu juu ya shaba na juu ya mupira, basi. Mega inaisha. Munafunzi anafikiri hakuna mutu aliyeandika juu ya Lubumbashi.

Si kweli. Watu wameandika sana juu ya muji huu. Shida ni kwamba kitabu kisichoandikwa kwa orodha ni kama hakiko. Makala hii inaeleza maktaba inatumika namna gani, nini inazisumbua leo, nini kipya kimekuja, na wewe musomaji unaweza kufanya nini kwa masomo ao parokia yako.

Maktaba si chumba cha vitabu tu

Maktaba, ama bibliyoteke vile wengi tunasema, iko na sehemu tatu: vitabu, orodha na mutu. Orodha inasema kitabu fulani kiko kwa rafu gani. Mutu ni mutunza maktaba, ule tunaita bibliyotekeri. Yeye ndiye anapokea kitabu, anakipa namba, anakipanga pamoja na ndugu zake wa habari moja, anakiazimisha na kukirudisha fasi yake. Ondoa mutu huyu, na kisha miaka michache unabaki na lundo la karatasi.

Wengi wanafikiri kazi yake ni kuchunga mulango na kunyamazisha watu. Lakini kazi yenyewe ni kusikiliza ulizo la musomaji, hata kama musomaji mwenyewe hajui kuuliza vizuri, na kumuonyesha fasi ya kuanzia.

Lubumbashi ni muji wa vitabu

Chuo kikuu cha kwanza hapa kilifunguliwa 1956, wakati muji uliitwa Elisabethville. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, Université nationale du Zaïre, na masomo ya lugha na historia yaliletwa Lubumbashi. Tangu 1981 kimekuwa chuo kinachojitegemea, ndiyo UNILU ya leo. Mbele yake, tangu 1946, CEPSI ilikuwa inachunguza maisha ya watu wa Katanga na kuchapisha majarida. Kisha, walimu wa historia wa UNILU walitoa jarida la Likundoli.

V. Y. Mudimbe, muzaliwa wa Likasi, alifundisha hapa miaka ya 1970 mbele ya kwenda Marekani. Kisha miaka mingi ya kufundisha kule, vitabu vyake mwenyewe alivitoa zawadi kwa UNILU. Alikufa 2025, lakini vitabu vyake vilikuwa vimekwisha kurudi nyumbani.

Kuna pia Donatien Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia wa UNILU. Kitabu chake cha 2001, *Bana Shaba abandonnés par leur père*, kinaeleza maisha ya jamaa za wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines tangu 1910 mpaka 1997. Kazi kama hii haiwezekani kama hakuna mutu aliyechunga karatasi za zamani.

Kazi ndogo ya 1965

Mufano wa karibu zaidi ni huu. Mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya muji na ya watu waliotumika kwa nyumba za Wazungu: maboi, wapishi na wenzao. Jina lake ni *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Ni kurasa chache, zilizopigwa kwa mashini.

Karatasi za namna hii zinapotea kila siku. Zinafungia karanga, ama zinalowana mvua. Hizi ziliokoka. Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, alizichapisha 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kisha maandishi yaliwekwa kwa mutandao, katika mukusanyo unaoitwa Archives of Popular Swahili. Leo munafunzi wetu wa Makomeno anaweza kuyasoma kwa telefone, bila kulipa.

Lakini lazima kwanza mutu amuambie kwamba yako. Hiyo ndiyo kazi ya mutunza maktaba.

Shida za leo

*Mushahara na heshima.* Mara nyingi mutunza maktaba anahesabiwa tu kati ya watumishi wa biro, na feza ya maktaba inakatwa ya kwanza. Vijana hawatamani kazi hii. Muzee akienda pansio ama akifariki, anaondoka na orodha iliyokuwa kichwani mwake.

*Muchwa, unyevu na vumbi.* Mvua ya Lubumbashi na joto lake vinaharibu karatasi. Muchwa hauchagui kati ya gazeti na tezi ya daktari.

*Umeme.* Delestaje inazima kompyuta, na maktaba iliyoweka orodha yake yote ndani ya kompyuta moja inafunga siku hiyo.

*Wasomaji wengi, rafu chache.* Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali hayalipwe. Watoto wengi zaidi wako darasani. Ni vizuri. Lakini mutoto anayejifunza kusoma bila kitabu cha kuazima anasahau upesi.

*TFC na memwari.* Kila mwaka wanafunzi wanatoa kazi za mwisho wa masomo juu ya masoko yetu, maji yetu, magonjwa yetu. Nyingi ziko na kopi chache tu. Zikipotea, mwaka unaofuata mwingine anaanza tena kwa sifuri.

*Vita na misiba.* Ndugu zetu wa Kivu wanajua. Watu wanaweza kukimbia, rafu haiwezi. Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kufunika mitaa mizima. Ndiyo maana watunza maktaba wanasema: kopi mbili, fasi mbili. Fikiria maktaba ya Lwiro, katika Kabare, kwa kituo cha utafiti kilichoanzishwa 1947, ama karatasi za Yangambi, kando ya Muto Kongo, fasi INEAC ilifanya utafiti wa kilimo. Mengi yaliyo pale ni juu ya udongo, mimea na nyama wetu, na ni shida kuyapata fasi ingine.

Tuko na sheria ya 1974 inayosema kila anayechapisha lazima aweke kopi kwa serikali. Lakini kutoka hapa mpaka Kinshasa ni mbali, na wengi wanaochapisha vitabu vidogo hawajui kama sheria hiyo iko.

Nini kipya kimekuja

Si mambo yote ni mabaya. Kuna vyombo ambavyo miaka 30 iliyopita havikuwako.

Kwa orodha, kuna programu za bure kama Koha, iliyoanza New Zealand mwaka 2000, na PMB, iliyotengenezwa Ufaransa. Kwa fasi isiyo na intaneti, kuna Kiwix: unapakua Wikipedia mara moja, unaiweka kwa kadi ya telefone ama kwa kompyuta ya masomo, kisha wanafunzi wanasoma bila mega.

Kwa waganga na walimu wa vyuo, kuna Hinari, iliyoanzishwa na Shirika la Afya la Dunia mwaka 2002. Inafungua majarida ya udaktari kwa vyuo na hospitali za inchi kama yetu. Lakini lazima chuo kijiandikishe, na mara nyingi neno la siri linawekwa mikononi mwa mutunza maktaba. Akiondoka bila kuliacha, mulango unafungwa kwa wote.

Sasa kuna pia programu za akili bandia zinazojibu maulizo. Zinasaidia, lakini wakati fulani zinataja kitabu ambacho hakijaandikwa na mutu yeyote. Mutunza maktaba anakuonyesha namna ya kuhakikisha: nani aliandika, mwaka gani, kitabu kiko fasi gani. Kama hakiko popote, usikiandike kwa kazi yako.

Kwa majirani kuna mufano mwingine. Nairobi, maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu. Tangu 2017, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kupitia shirika lao Book Bunk, wanaitengeneza pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, yaliyo katika mitaa ya watu wa kawaida. Hawakuleta tu vitabu vipya. Waliuliza wakaaji wanataka nini, wakapanga na kuandika upya vile vilivyokuwako.

Wewe unaweza kuanza na kaye moja

Kama masomo, parokia, musikiti ama chama chenu kiko na vitabu hata 40, hamungojei mufazili. Fanyeni hivi:

1. Nunueni kaye kubwa. Kwa kila kitabu andikeni namba, jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka, na siku kilipoingia.
2. Andikeni namba ile ile ndani ya kitabu, kwa krayo, na kwa karatasi ndogo mugongoni.
3. Wekeni kaye ya pili kwa wanaoazima: jina, mutaa, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha.
4. Rafu isiguse ukuta wala chini. Angalieni muchwa kila juma. Jua lisipige vitabu.
5. Karatasi ambayo iko moja tu, ipigeni picha kwa telefone, ukurasa kwa ukurasa, na muweke kopi kwa nyumba mbili tofauti. Kama ni ya mutu, muombe ruhusa kwanza.
6. Chagueni watu wawili, si mumoja, wanaojua kazi hii.

Mukifika namba 40, piga picha ya kaye yenyewe na uitume kwa masomo ya jirani. Hapo munafunzi wa Makomeno atajua kwamba kitabu anachotafuta kinaweza kuwa mulango wa tatu kutoka kwao.