Kompyuta Kuwa Nzito Baada ya Kuwekewa Mfumo Endeshi Mpya: Hatua za Kuchukua Kabla ya Kuifuta

Mwananchi wa Tarime anayeomba mkopo wa elimu ya juu, ajira serikalini, leseni ya biashara au zabuni ya umma hufanya hivyo kwa njia ya mtandao, mara nyingi akihudumiwa katika steshenari. Maombi mengi ya aina hiyo, yakiwemo yanayopitia mifumo ya Ajira Portal na NeST, yana tarehe ya mwisho. Kompyuta nzito inaweza kumkosesha mwombaji fursa aliyoingoja mwaka mzima.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kuanzia Sirari mpakani hadi Mugumu katika Wilaya jirani ya Serengeti, wenye kompyuta za mezani za miaka ya nyuma wanakabiliwa na uamuzi wa kuhamia Windows 11. Baadhi yao hukuta mashine iliyofanya kazi vizuri imekuwa nzito ghafla. Mara nyingi chanzo hubainika kwa uchunguzi mfupi, na kufuta kila kitu na "kupiga upya Windows" haipaswi kuwa hatua ya kwanza.

Ipe muda

Mara baada ya kuwekwa, mfumo mpya huendelea kufanya kazi chinichini. Hupakua masasisho, huorodhesha mafaili ili yatafutike kwa urahisi, na hukagua virusi. Kwa anayetumia bando la simu, kazi hizo pia humaliza intaneti. Iache kompyuta ikiwa imewashwa na kuunganishwa kwa saa kadhaa, kisha iwashe upya. Ukiwa na bando dogo, weka mpangilio wa mtandao unaotozwa kwa kiasi cha matumizi ili upakuaji upungue, lakini usiuache hivyo daima, kwa kuwa masasisho ya usalama yanahitajika.

Tambua kinacholemewa

Uzito ukiendelea, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha litakalofunguka linaonyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski kwa asilimia.

Diski ikibaki karibu na asilimia 100 hata pasipo kazi kubwa, na ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka, hapo ndipo penye tatizo. Kuibadilisha kwa diski ya SSD huleta nafuu kubwa kuliko marekebisho mengine mengi. Kumbukumbu ikijaa, funga programu zisizohitajika na uzime zile zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka. Windows 11 inahitaji angalau GB 4 za RAM, lakini kwa kazi za kila siku ni vyema kuwa na GB 8.

Kagua viendeshi na nafasi

Picha zikikwama au maandishi yakionekana makubwa kupita kawaida, huenda kiendeshi cha kioo hakikuwekwa. Kipakue kutoka tovuti rasmi ya mtengenezaji wa kompyuta, na uepuke programu zinazojinadi kuongeza kasi.

Hakikisha pia diski ina nafasi. Mfumo wa zamani huhifadhiwa kwenye folda ya Windows.old, ambayo inaweza kuchukua GB nyingi. Hata hivyo, usiifute kwa haraka. Aliyepandisha toleo bila kufuta diski ana siku 10 za kurejea mfumo wa awali kupitia mipangilio ya urejeshaji, na folda hiyo ikiondolewa fursa hiyo hupotea.

Mashine isiyokidhi vigezo

Windows 11 inahitaji pia hifadhi ya GB 64 na kifaa cha usalama cha TPM toleo la 2.0. Kompyuta isiyokidhi vigezo hivyo isilazimishwe kwa njia za mkato. Mmiliki anaweza kuiwekea mfumo endeshi huria ulio mwepesi, kama Linux Mint, baada ya kuhakikisha kuwa printa, skana na programu anazotegemea zinafanya kazi humo.

Linda taarifa za wateja

Kabla ya fundi kugusa mfumo, nakili mafaili yote kwenye diski ya nje na uhakikishe yanafunguka. Kompyuta ya steshenari huwa na vyeti, picha na namba za vitambulisho vya watu wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa hizo kuzilinda. Kuzima kinga ya virusi ili mashine iwe nyepesi, au kuweka nakala ya Windows isiyo halali, ni kuziweka taarifa za wananchi hatarini.

Watumishi wa umma wawasiliane na Kitengo cha TEHAMA cha halmashauri yao kabla ya kubadili chochote kwenye kompyuta ya ofisi. Wamiliki wa steshenari wanashauriwa kutohamia mfumo mpya wakati madirisha ya maombi yanakaribia kufungwa, na waombaji wasisubiri siku ya mwisho.