Mimea Ndani ya Ukuta: Kutoka Uji wa Mchele hadi Majivu ya Pumba

Mwaka 1824 Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds nchini Uingereza, alipata hataza ya saruji aliyoiita Portland. Kabla ya hapo ulimwengu ulijenga kwa chokaa, na kasoro za chokaa zilijulikana: hukauka polepole, hupasuka, tena hunywa maji. Dawa yake waashi waliitafuta jikoni na shambani.

Pliny wa Roma, aliyefariki mwaka 79, aliandika juu ya chokaa iliyozimwa kwa mvinyo kisha ikatwangwa pamoja na tini na mafuta ya nguruwe. Waashi wa India Kusini walitia sukari guru na maji ya tunda la kadukkai. Wa Mexico walitumia ute wa dungusi kakati. Huko Marrakech, lipu iitwayo tadelakt husuguliwa kwa sabuni ya mafuta ya zeituni. Sabuni hiyo huungana na chokaa, ukajitokeza utando usiopitisha maji, ndiyo maana lipu hii ilipendwa kwenye hamamu.

Waliofika mbali zaidi ni Wachina. Enzi ya Ming (1368–1644), waashi walichanganya chokaa na uji wa mchele wa kunata, na kuta za mji wa Nanjing bado zimesimama. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang walieleza siri ya mchanganyiko huo. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, yaani kalsiamu kaboneti. Wanga wa mchele huzizuia chembe za jiwe hilo zisikue kubwa. Zikibaki ndogo hushonana vizuri, na wanga wenyewe hujaza mianya.

Saruji ilipoingia, dawa hizo hazikuhamishika vivi hivi, kwa kuwa saruji hushika kwa kuungana na maji. Chukua mfuko wa kilo 50. Gramu 25 za sukari, yaani asilimia 0.05, huchelewesha kushika kwake kwa takriban saa nne. Ukitia nusu kilo, huenda zege lisishike kabisa, maana sukari huganda juu ya chembe za saruji na kuzizuia zisiendelee kuungana na maji. Hapo ndipo penye somo la historia hii yote: mmea haufanyi kazi ndani ya ukuta kwa kuwa gundi tu. Kazi yake kubwa ni kutawala maji na muda, na kipimo ndicho kinachoamua kama utakuwa dawa au sumu.

Katika miaka ya 1930 Wamarekani waligeukia taka za viwanda vya karatasi. Maji yanayobaki baada ya kupika mbao yana lignosulfoneti, itokanayo na lignini ya mti. Hunata kwenye chembe za saruji na kuzipa chaji ya aina moja, zikasukumana badala ya kushikana mabonge. Zege hulainika kwa maji pungufu, kiasi cha asilimia 5 hadi 10, na maji yakipungua, mianya hupungua na nguvu huongezeka.

Afrika Mashariki ina mkonge, ulioletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf. Nyuzi za katani zilipotiwa kwenye vigae vya saruji, zilizuia nyufa vizuri mwanzoni. Lakini ukali wa alkali ya saruji huzila nyuzi, na baada ya miaka kigae huwa chepesi kuvunjika. Tiba mojawapo ni majivu ya pumba za mpunga. Pumba zikichomwa vizuri, majivu huwa na silika asilimia 85 hadi 95, ambayo hula chokaa huru ndani ya saruji, ikapunguza alkali na kuongeza kiungo cha kushikamanisha.

Hata hapa kipimo hakisameheki. Pumba zichomwe chini ya nyuzijoto 700 au karibu na hapo, kisha majivu yasagwe laini. Moto ukizidi, silika hugeuka fuwele isiyoungana na kitu, na majivu hayo huwa mzigo tu ndani ya zege.