Mashine ya kusaga matawi: nani anavuta tawi?

Kimya changu kilikuwa cha test, mnaelewa wenyewe. Leo siandiki habari za foleni ya chakula wala maji kukatika bwenini. Naandika historia ya mashine moja, manake kuna mjadala chumbani kwetu umefika wiki ya tatu sasa na naona bora niumwage hapa na nyie mchangie.

Iko hivi. Sisi watatu, wote wa misitu, tunataka tukimaliza chuo tuanze kazi ya kutunza miti mijini: kupogoa, kushusha miti iliyozeeka juu ya mapaa ya watu, kuondoa matawi yanayogusa nyaya. Chenso tutapata, kamba tutapata. Ugomvi uko kwenye mashine ya kusaga matawi, ile ambayo unaingiza tawi upande huu na upande wa pili zinaruka chipsi (za mti jamani, siyo za mayai). Mwenzetu mmoja kaona ya mtumba, ya zamani sana, bei nzuri, injini kubwa. Yeye anaisifia injini asubuhi na jioni. Mimi nimekaa na historia ya hizi mashine na nimetoka na swali lingine kabisa: kabla hujauliza injini, uliza ni nini kinachovuta tawi, na ukitaka liache kuvutwa unafanyaje.

Tuanzie mbali. Anayetajwa sana kama mwanzilishi ni Mjerumani, Peter Jensen, wa kijiji cha Maasbüll kule kaskazini kabisa karibu na Denmark, mwaka 1884. Miaka hiyohiyo viwanda vya karatasi Ulaya navyo vilikuwa na njaa ya vipande vya mti. Kule Bergvik, Sweden, walianza mwaka 1874 kupika mti kwa kemikali ili kupata nyuzi za karatasi, na mwaka 1879 Carl Dahl akaja na njia yake ya salfeti ambayo ndiyo imetawala mpaka leo. Sasa gogo zima haliivi, dawa haipenyi ndani. Lazima ulikate vipande vidogo vinavyolingana ukubwa. Waliowahi kufika kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza uzalishaji 1985, wanajua ninachosema: kabla ya kupikwa, mti unakatwakatwa kwanza.

Ila hiyo ni mashine ya kiwandani, imefungwa chini kwa zege na gogo linaletwa na mkanda. Hii tunayoitaka sisi, ya kufunga nyuma ya gari na kulishwa kwa mkono, ni mtoto wa Marekani, na waliomzaa ni nyaya za umeme pamoja na ugonjwa wa miti.

Nyaya kwanza. Mwaka 1928 ndugu watatu wa familia ya Asplundh, karibu na Philadelphia, walifungua kampuni ya kukata matawi yanayosumbua nyaya za umeme na simu. Nguzo zilikuwa zinaenea kila mahali, na kila palipo na nguzo pana mti unaoikaribia. Kazi ya kukata siyo iliyowasumbua sana. Kinachomaliza nguvu ni kilichobaki chini! Yeyote aliyewahi kupogoa mwembe mmoja tu nyumbani anajua: ukishuka unakuta rundo kubwa kuliko mti wenyewe. Ukilipakia kwenye lori umebeba hewa tupu, matawi machache na lori limejaa.

Halafu ugonjwa. Mwaka 1930 kule Ohio waligundua ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya elmi, uliofika na magogo ya Ulaya yaliyoagizwa kwa ajili ya fenicha. Unasambazwa na mbawakawa wanaozaliana chini ya gome. Na miji ya Marekani ilikuwa imepanda elmi pande zote za barabara, mtaa baada ya mtaa, mti wa aina moja. (Lecturer wetu wa wadudu huwa anafurahi sana akifika hapo.) Miti ikafa kwa mamilioni. Na huwezi kuiacha imelala, manake mbawakawa anaendelea kuzaa humohumo kwenye gome. Ilibidi ichomwe, na kuchoma moto katikati ya mji kukazidi kubanwa, hasa baada ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1970.

Kwa hiyo baada ya vita kuu ya pili kuna soko la mashine inayoweza kufuatana na wakata miti mtaani. Asplundh wenyewe walikuwa miongoni mwa waliozitengeneza. Hapa ndipo inaingia mashine ya aina ileile aliyoipenda mwenzetu, kwa hiyo naomba tutulie kidogo.

Ndani kuna drami la chuma lenye visu, linazunguka kwa kasi kubwa. Hakuna rola. Hakuna kitu chochote cha kupokea tawi. Unalisukuma mdomoni, kisu kikiligusa basi visu vyenyewe ndivyo vinavyolivuta, na linakwenda kwa kasi ya drami, siyo kasi yako. Tawi lenye vijitawi pembeni linageuka kuwa fimbo, linakuchapa usoni likipita. Kipande kifupi kinaweza kurudishwa kama jiwe la manati. Ndiyo maana wafanyakazi wa kule waliipachika jina la utani ambalo kwa Kiswahili ningelisema "tupia-inama". Yaani maelekezo ya matumizi yako kwenye jina!

Na ukiwaza vizuri, kubwa zaidi siyo kuchapwa. Ni kwamba mashine hii haina namna ya kusema subiri. Ukizima injini, drami zito linaendelea kuzunguka kwa muda kwa uzito wake, na visu bado vinavuta.

Mwaka 1968 Marekani ilianzishwa kamati ya kuweka viwango vya usalama kwenye kazi za miti, na chanzo chake ni mama mmoja wa jimbo la New York ambaye kijana wake alikufa akiwa kazini kwenye kupogoa. Mama yule alisumbua watu mpaka wakamsikiliza. Toleo la kwanza la viwango, Z133, lilitoka 1972. Mimi habari hii niliisoma usiku nikaifunga simu, nikalala.

Baada ya hapo hadithi inahamia Michigan. Mwaka 1957 Norval Morey alianzisha Morbark kwenye kamji ka Winn, akianza na mashine ya kumenya magome. Miaka ya 1970 mwanzoni wakaja na mashine kubwa za msituni zinazomeza mti mzima. Mwaka 1983 Mike Morey akaanzisha Bandit kule Remus, ambako si mbali na Winn, na wao wakatoka na mashine ya kulishwa kwa mkono yenye diski badala ya drami, na rola zinazozungushwa kwa haidroliki. Iowa nako walikuwepo Vermeer, kampuni ya tangu 1948.

Diski ni sahani nene ya chuma iliyosimama wima, ina visu viwili mpaka vinne usoni na mapezi mgongoni ya kurusha chipsi. Lakini kilichobadilisha kazi siyo diski, ni zile rola. Sasa tawi halivutwi na visu, linashikwa na rola zenye meno na kusogezwa taratibu, mita kama 30 kwa dakika. Na pale juu ya mdomo pana mtaimbo wa kuamuru: mbele, simama, rudi nyuma. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi ana la kusema tawi likiwa tayari ndani. Mashine za baadaye zimeongezewa akili: injini ikizidiwa rola zinasimama zenyewe, zinarudisha kidogo, injini ikipata pumzi zinaendelea.

Mpaka hapa unaweza kudhani tatizo limekwisha. Halikwisha. Drami la zamani lilikuwa linapiga, rola zinashika na haziachii. Hazijui tofauti ya tawi la mjohoro na mkono wa koti. Takwimu za Marekani za miaka ya 1992 hadi 2002 zinaonyesha watu 31 waliuawa kwenye mashine hizi, na karibu theluthi mbili walinaswa na kuvutwa ndani. Wengi wetu tunaijua mashine hii kwa filamu ya Fargo ya mwaka 1996, ambapo kuna mtu anatumia kuficha maiti, na ukumbi mzima unacheka kwa hofu. Walionaswa kikweli hawakuwa wahalifu wala maiti. Walikuwa vibarua kazini.

Pigeni hesabu na mimi. Mita 30 kwa dakika ni nusu mita kwa sekunde. Kama kutoka ukingo wa mdomo mpaka kwenye rola ni mita moja na nusu, una sekunde tatu. Sekunde ya kwanza unashangaa. Ya pili unajaribu kujinasua, ndivyo mwili unavyofanya. Inabaki moja ya kukumbuka mtaimbo uko wapi, na mkono wa kuufikia ndio ulionaswa. Ndiyo maana Vermeer waliweka fito ya kusimamisha chini, kwenye ukingo wa mdomo, usawa wa mapaja: mtu akivutwa, miguu yake yenyewe inaisukuma na rola zinasimama. Wengine wameweka kamba za kuvuta ndani ya mdomo, za kushika mwisho kabisa. Kwangu mimi ile fito ni uvumbuzi mkubwa kuliko injini zote, manake haikuombi uwe na akili timamu wakati huo.

Kamba za kupandia nazo zina hadithi. Kamba ikiachwa imetapakaa karibu na mdomo, ikajiviringisha kwenye tawi, inaingia nalo, na chochote kilichofungwa upande wa pili kinafuata. Kuna watu walikufa hivyo. Hakuna fito inayokuokoa hapo kama uko mita kumi nyuma ya mashine. Hilo ni la nidhamu ya kikosi.

Siyo kwamba drami lilikufa. Limerudi, ila lingine: kubwa kwa kipenyo, linazunguka polepole zaidi, na mbele yake zipo rola. Wanaolipenda wanasema linameza matawi yaliyotawanyika bila kuyapunguza kwanza kwa panga, na mdomo wake ni mpana. Diski inatoa chipsi zinazolingana na inarusha mbali. Michigan hiyohiyo, mwaka 2002, walipogundua mdudu wa kijani anayeua miti ya ashi, ukubwa wa chipsi ukawa suala la sheria: zisizozidi inchi 1 kwa vipimo viwili zilihesabiwa kuwa salama kutolewa kwenye karantini. Mdudu hapiti kwenye kisu akiwa mzima.

Sasa turudi kwetu, na hapa ndipo naona wanaotuuzia mashine wanatupima kwa kipimo cha Wamarekani. Kule mashine ilizaliwa kwa sababu hakuna aliyeyataka matawi. Hapa Morogoro ukishusha mwarobaini, kabla hujatua chini mama mwenye nyumba ameshachagua kuni, jirani amechukua nguzo za banda la mbuzi, na kijana wa mkaa anauliza shina bei gani. Kinachobaki ni vijitawi na majani. Kwa hiyo injini ya kumeza gogo la inchi 12 tutailisha nini? Mashine ndogo ya inchi 6 inatutosha, inavutwa na pikapu ya kawaida, na chipsi tunamwaga kwenye vitalu vya miche au mashina ya migomba kuhifadhi unyevu. Makuti tuwaachie waezekaji, yale nyuzi zake hujisokota kwenye rola na utakaa nusu siku unazikata kwa kisu.

Picha za ile ya mtumba nimezikuza mpaka zikapasuka. Rola hamna. Mtaimbo hamna. Ni mdomo mfupi na drami, tupia-inama kamili. Mwenzetu anasema tutakuwa waangalifu. Sawa, sisi watatu labda. Lakini si sisi tutakaolisha ile mashine kila siku, tutaajiri vibarua, siku ya kwanza kibarua atakuja na shati la mikono mirefu isiyofungwa vifungo na hamu ya kuonyesha kwamba anaiweza kazi.

Kura tumepiga jana usiku, mbili kwa moja. Tunatafuta ya diski, ndogo, yenye rola na fito ya chini inayofanya kazi, na tutakayeongea naye kuhusu kununua lazima atuwashie mashine, aweke tawi, tuigonge fito kwa paja tuone. Hela bado haitoshi. Kama kuna mdau anajua fundi wa kunoa visu virefu vya chuma kigumu hapa mjini, anayeweza kunoa viwili vikabaki na uzito sawa (visipolingana diski inatikisika), aniachie ujumbe.